Gari la kifahari la zamani kwa bei ya gari dogo: raha yake inalipa gharama?

#1 Mwendopole (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa. Nimeonyeshwa gari kubwa la kifahari la mwaka 2003, injini ya silinda 8, viti vya ngozi vinavyopashwa joto, springi za upepo (mifuko ya mpira iliyojaa hewa), na milango ambayo ukiisukuma ikakaribia fremu hujivuta yenyewe na kujifunga taratibu. Lilipokuwa jipya, fedha zilizolinunua zingetosha magari madogo sita. Leo linauzwa chini ya bei ya gari dogo moja jipya la hali ya chini kabisa.

Nilikaa ndani kwa dakika 20. Nilipofunga mlango, kelele za barabarani zilikatika kama vile mtu amezima redio. Sijawahi kukaa mahali patulivu namna ile ndani ya kitu chenye magurudumu.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini magari haya huporomoka bei kiasi hiki, ilhali gari la kawaida la umri uleule hushikilia bei yake? Na ninyi mliowahi kuyamiliki, je, raha ililipa gharama au mlijuta?

#2 Fundi wa Alfajiri

Karibu, ndugu. Nina miaka 22 katika ufundi, na jibu langu kwa swali la kwanza ni fupi: bei ya gari hushuka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki. Gari lenye uzito wa tani mbili na uwezo wa kufika kilomita 250 kwa saa haliwezi kufungwa diski za breki za gari la kilo 900, hata likiwa mikononi mwa mmiliki wa tano. Mnunuzi mgeni huangalia bei ya kulichukua. Soko limekwisha kuhesabu bei ya kukaa nalo.

#3 Daftari la Gharama

Heshima kwako, Fundi, ila maelezo hayo hayanitoshi. Lexus LS 400 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Detroit, Januari 1989, ikiwa na injini ya V8 ya lita 4 ambayo mafundi wengi hadi leo huitaja kama mfano wa injini isiyosumbua. Haina sifa ya kufilisi watu, na bado iliporomoka bei kama wenzake wa daraja lake. Kama chanzo ni vipuri tu, hiyo ingebaki juu.

Mimi naona chanzo ni mnunuzi wa kwanza. Mengi ya magari haya huchukuliwa na makampuni kwa ajili ya wakuu wao, kwa mkataba wa miaka mitatu au minne. Mkataba ukiisha, yote humiminika sokoni kwa pamoja, wakati dhamana ya mtengenezaji nayo inakaribia ukingoni. Mwenye fedha nyingi anataka jipya, na anayekubali lililotumika hana fedha nyingi. Kati ya hao wawili hakuna mtu, kwa hiyo bei hudondoka mpaka ifike kwa wa kuidaka.

#4 Nusu Tangi

Mmesahau mafuta, wakuu. Langu la injini ya lita 5 likiwa kwenye foleni hunywa zaidi ya lita 20 kwa kilomita 100, na kitabu chake kinadai petroli ya oktani 95 au zaidi. Gharama hiyo hailetwi na fundi wala haisubiri kitu kiharibike. Inakuja kila wiki, na mnunuzi wa kawaida anaiona kabla hajaona kitu kingine.

#5 Kiti cha Nyuma

Nitajibu swali la pili, kwa sababu la kwanza naona halitaisha leo.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Katika gari langu dogo kila tuta lilikuwa adhabu kwake, na nilikuwa nikimsikia akivuta pumzi kabla sijalifikia, kwa kuwa alikuwa analiona kutoka mbali kama mimi. Nikanunua gari la mwaka 1994, refu, lenye kiti cha nyuma kinachosogezwa kwa swichi, likiwa limetembea kilomita 210,000. Siku ya kwanza nilipompeleka kliniki, tulipofika nusu ya safari nilitazama kwenye kioo nikamwona amelala, mdomo wazi kidogo, mkono umeteleza kutoka kwenye egemeo. Nilizunguka eneo la kliniki mara mbili kabla ya kuegesha, nisimwamshe.

Gari lile lilinigharimu fedha nyingi baadaye, na nitaeleza nikipata nafasi. Lakini mtu akiniuliza kama nilijuta, namkumbuka mama akiwa amelala.

#6 Mwendopole

Asante sana, Kiti cha Nyuma. Hiyo imenigusa. Fundi, naomba utueleze: magari haya huanza kuumwa wapi, na mtu atakagua nini kabla ya kutoa fedha?

#7 Fundi wa Alfajiri

Inategemea zama, maana kila zama zina maradhi yake.

Ya miaka ya 1980 ni ya vyuma na mipira. Yanaliwa na kutu, mipira inakauka, lakini fundi mvumilivu anayamudu.

Ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yana ugonjwa wa nyaya. Baadhi ya Mercedes-Benz za kati ya 1992 na 1995 hivi zilifungwa nyaya za injini zenye ganda lililotengenezwa kuoza kirahisi likitupwa. Tatizo ni kwamba joto la injini liliozesha ganda hilo likiwa bado kazini. Nimewahi kukunja waya mmoja wa namna hiyo kati ya vidole viwili, ganda likapasuka na kudondoka vipande vipande kama la yai lililochemshwa, shaba ikabaki uchi. Katika miaka hiyohiyo, injini ya V8 ya BMW iitwayo M60 ilikuwa na silinda zilizopakwa mpako wa nikeli uitwao Nikasil, na salfa iliyokuwamo kwenye petroli ya baadhi ya nchi iliula mpako huo mpaka injini ikapoteza mgandamizo. Jaguar za V8 za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliupata ugonjwa huohuo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 tunaingia kwenye upepo na kompyuta. Mercedes-Benz S-Class ya 1998 ilikuja na springi za upepo kama kifaa cha kawaida. BMW 7 Series ya 2001 ilileta mfumo wa iDrive, yaani kitufe kimoja cha kuzungusha kinachoongoza skrini, na redio, simu na skrini vikaunganishwa kwa nyuzi za mwanga badala ya nyaya za shaba. Hapo ndipo bisibisi pekee ilipoacha kutosha.

Sasa ukaguzi. Nenda alfajiri, gari likiwa baridi, na kabla hujaongea na muuzaji weka kiganja juu ya boneti. Liwashwe ukiwa umesimama mbele, usikilize sekunde tatu za kwanza, kwa sababu kikaza mnyororo wa taimingi (ule unaoendesha valvu za injini) kilichochoka hugonga wakati oili haijapanda, kisha hunyamaza. Kwenye springi za upepo, omba gari lilale usiku mzima bila kuguswa, halafu pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kwenye kona zote nne. Kona iliyolala inavuja. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mfuko wa mpira na utaona mapovu pale penye ufa. Ukisikia kompresa inanguruma kila mara, ujue inajaza kinachotoka, na itaungua muda si mrefu.

Mwisho, soma tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari la daraja hilo likiwa na tairi nne za chapa nne tofauti, zimezeeka zote, mmiliki alishaacha kulihudumia zamani.

#8 Rangi ya Fedha

Hizo springi za upepo si ndizo zilezile za Citroën za zamani? Mjomba wangu alikuwa na DS, na siku zote alisema hakuna gari jingine lililowahi kumbeba vile. Tena nakumbuka aliniambia hata LS 400 ina mnyororo wa taimingi usiobadilishwa.

#9 Mafuta ya Kijani

Masahihisho mawili, kwa heshima ya mjomba.

Citroën DS ya 1955 haitumii springi za upepo. Ina matufe yenye gesi ya naitrojeni upande mmoja wa kiwambo cha mpira na mafuta yenye shinikizo upande mwingine. Gesi ndiyo springi, mafuta ndiyo yanayoinua gari na kupunguza mtikisiko, na pampu ileile huhudumia breki na usukani. Rolls-Royce walinunua haki ya kutumia teknolojia hiyo kwa Silver Shadow ya 1965. Katika springi za upepo kinachobeba gari ni hewa ndani ya mfuko wa mpira, na hakuna mafuta. Tofauti hii ina maana kwa mfuko wako wa fedha: mfumo wa mafuta hukuonya kwa kudondosha matone sakafuni, lakini hewa huvuja bila kuacha alama.

Na LS 400 ina mkanda wa taimingi, si mnyororo. Anayelinunua bila karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, aubadilishe kwanza ndipo aanze kufurahia.

#10 Rangi ya Fedha

Nimepokea. Mjomba alikuwa sahihi kuhusu kubebwa tu.

#11 Waya Mmoja

Mimi ni fundi umeme, nami naongeza lililonipata mwenyewe. Langu ni la mwaka 2004. Lilianza kufa betri kila baada ya siku tatu. Nilinunua betri mpya, ikafa. Nikanunua ya pili, ikafa. Tufanye hesabu: betri ya amperi-saa 80, ikinyonywa amperi 1 mfululizo, huisha kwa saa 80, yaani siku tatu na ushei. Kwa kawaida gari lililolala linapaswa kunyonya sehemu ndogo sana ya amperi, tuseme miliamperi 50 au pungufu.

Nililifunga gari, nikaketi kando na mita kwa nusu saa, maana magari haya huchukua muda mpaka kompyuta zake zote zilale. Moja haikulala. Nilichomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kikaanguka, na chanzo kikawa moduli, yaani kompyuta ndogo, ya milango chini ya zulia. Nilipoinua zulia, sponji ilikuwa imelowa maji. Mfereji wa maji wa dirisha la paa ulikuwa umeziba kwa majani na vumbi, mvua ikaingilia humo mwaka mzima bila kuonekana. Niliuzibua kwa waya mwembamba wa nailoni, kazi ya dakika 10, baada ya kupoteza betri mbili na moduli moja.

Mtu hapaswi kusema gari bovu wakati mfereji haujasafishwa. Yalitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa na ratiba ya matengenezo, na sisi tunayapokea ratiba ikiwa imekatika.

#12 Daftari la Gharama

Waya Mmoja amesema jambo zito, nami ninalo daftari la kuliunga mkono. Nimemiliki la kwangu kwa miaka sita na nimeandika kila kitu, hadi balbu. Mwaka wa kwanza nilitumia zaidi ya nusu ya bei niliyolinunulia, kwa sababu nililipa madeni ya wamiliki watatu walionitangulia: bushi, mipira ya maji, gasketi, oili zote. Mwaka wa pili na wa tatu ulikuwa mtulivu kabisa. Wa nne giaboksi ikadai haki yake.

Ila nimewahi kuliweka daftari langu mezani pamoja na la jirani aliyenunua gari jipya mwaka uleule. Yeye hakulipia karibu chochote gereji, lakini gari lake lilipoteza thamani zaidi ya fedha zote nilizotumia mimi. Hasara yake haina risiti, kwa hiyo haimuumi. Yangu nailipa kwa mkono, mbele ya fundi, na kila mara naihisi.

#13 Nusu Tangi

Daftari, jirani yako anafika kazini kila siku. Katika miaka hiyo sita wewe umepanda basi mara ngapi?

#14 Daftari la Gharama

Siku 31. Nimeziandika pia.

#15 Msomaji wa Usiku

Nirudi kwenye swali la bei, kwa sababu naona hoja zote mbili, ya Fundi na ya Daftari, zinaacha pengo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza soko la magari yaliyotumika kwa namna ambayo baadaye, mwaka 2001, ilimpatia Nobeli akiwa pamoja na wenzake wawili. Muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anatoa bei ya wastani. Bei ya wastani haimridhishi mwenye gari zima, kwa hiyo hulitunza nyumbani, na sokoni hubaki mabovu zaidi, na bei inashuka tena. Kadiri gari lilivyo na mambo mengi yaliyofichika, ndivyo mnunuzi anavyozidi kutojua, na gari la kifahari limefichika kuliko yote.

#16 Mzigo Kwanza

Hoja nzuri, lakini Toyota Land Cruiser nalo ni gari ghali, zito, linalokunywa mafuta, lenye vitu vingi vilivyofichika, na bado linashikilia bei hata likiwa na umri mkubwa. Kwangu mimi tofauti iko kwenye kazi. Gari linaloweza kubeba mzigo, kuvuta jingine, kupita kwenye tope na kumwingizia mwenyewe riziki, lina wanunuzi mpaka siku ya mwisho. Sedani ya kifahari inauza heshima, na heshima hukauka siku toleo jipya linapotoka, kwa kuwa kila anayepita anaona taa za mbele ni za zamani.

#17 Kiti cha Nyuma

Ndugu Mzigo, heshima ikikauka, utulivu haukauki. Vioo vya tabaka mbili vya S-Class ya 1991 vinazuia kelele leo kama vilivyozuia wakati ule. Kinachoshuka ni kile ambacho wengine wanakiona kutoka nje. Anayekaa ndani anapata kilekile alichopata mmiliki wa kwanza, na hilo ndilo linalonifanya nione bei hii ni zawadi kwa asiyejali macho ya watu.

#18 Taa ya Njano

Mtu akitaka utulivu kwa bei ndogo atafute Volkswagen Phaeton. Iliuzwa kuanzia 2002 hadi 2016, na ndani yake ni Bentley Continental. Vipuri ni vilevile, nembo ndiyo tofauti.

#19 Mafuta ya Kijani

Si vilevile, ndugu. Phaeton na Continental GT ya 2003 zimejengwa juu ya msingi mmoja, na zinashirikiana baadhi ya moduli na sehemu za chini. Bodi, ngozi, mbao na mapambo si hivyo, na injini ya W12 ya Bentley ina turbo mbili ambazo ya Phaeton haina. Tena Phaeton yenyewe inathibitisha hoja ya Mzigo Kwanza kwa namna fulani, kwa sababu uhandisi ulikuwa wa hali ya juu mno, lakini nembo ilikuwa ileile ya gari dogo, na soko halikukubali kulipia.

#20 Oili Nyekundu

Daftari ametaja giaboksi. Naomba watu waache kuamini neno «oili ya maisha», yaani oili ya giaboksi isiyobadilishwa kamwe. ZF, ambao giaboksi zao zimo kwenye BMW, Jaguar, Audi na nyingine nyingi, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Maisha yanayotajwa ni ya mmiliki wa kwanza.

#21 Fundi wa Alfajiri

Nakubali, ila niongeze tahadhari. Giaboksi iliyofika kilomita 300,000 bila kubadilishwa oili na imeanza kuteleza, ukiibadilisha wakati huo mteja atasema umeliua gari. Nimeyaona.

#22 Oili Nyekundu

Ilikuwa imeshakufa, Fundi. Oili mpya haiui sahani za klachi zilizo nzima. Mimi nimebadilisha kwenye la kilomita 280,000, kidogo kidogo, mara tatu, na linatembea hadi leo.

#23 Fundi wa Alfajiri

La kwako lilikuwa bado halijaanza kuteleza. Hapo hatuzungumzii mgonjwa yuleyule.

#24 Mwendopole

Wakuu, nimerudi. Leo nilifika kwa muuzaji saa 12 asubuhi, kama Fundi alivyoelekeza, ingawa tulikubaliana saa 2. Umande ulikuwa bado umetanda kwenye buti na vioo vya nyuma. Kwenye boneti haukuwapo. Niliweka kiganja, na chuma kilikuwa cha vuguvugu.

Sikusema kitu. Liliwashwa na kunguruma vizuri sana, bila mgongano wowote. Nilipima kona zote nne kwa futi kamba: tatu zililingana, ya nyuma kushoto ilikuwa chini kwa sentimita 2. Nilipouliza, aliniambia limeegeshwa penye mteremko.

#25 Waya Mmoja

Huyo analificha jambo la mnyororo. Achana nalo.

#26 Kiti cha Nyuma

Pengine ametoka kumpeleka mtu kazini usiku. Gari linatumika, halijawekwa kwenye makumbusho. Na betri iliyochoka nayo humfanya mtu aliwashe mapema ili asiaibike mbele ya mteja. Mimi nisingemhukumu kwa vuguvugu.

#27 Daftari la Gharama

Sentimita 2 ndizo zinazonishughulisha kuliko boneti. Kipimo cha katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi hakipaswi kuharibiwa na mteremko mdogo namna hiyo, tena kwa kona moja tu. Hesabu mfuko mmoja wa springi na kompresa, upunguze kwenye bei, halafu uone kama atakasirika. Anayejua gari lake linavuja huwa hakasiriki.

#28 Fundi wa Alfajiri

Mwendopole, kompresa ilinguruma kwa muda gani baada ya kuwashwa?

#29 Mwendopole

Sikuweza kuisikia, Fundi. Nilikuwa nimeketi ndani, na mlango ulikuwa umejifunga.